Barua taka zinazofurika sandukuni: isome bahasha kabla ya kuirudisha

Swali: Tumenunua nyumba hapa Marekani miezi mitano iliyopita na tangu hapo sanduku la barua halishibi. Kuna ofa za kadi za mkopo zenye jina langu na la mume wangu, katalogi za watu waliokaa humu kabla yetu, vipeperushi visivyo na jina la mtu, na mama yangu anayeishi nasi ameanza kuandikiwa kwamba ameshinda zawadi. Nimekuwa nikiandika "Return to Sender" juu ya kila kitu na kumrudishia mleta barua. Hakuna kinachopungua. Nakosea wapi?

Jibu: Dada, kosa ni hilo la kurudisha kila kitu. Sehemu kubwa ya ulivyorudisha haijamfikia aliyevituma. Vimeishia kwenye pipa la karatasi la posta yenu, na kwenye orodha za matangazo jina lako liko palepale. Hizi barua zinatoka kwa watu wa aina nne au tano, kila mmoja ana mlango wake wa kugongwa, na bahasha yenyewe inakuonyesha mlango gani. Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu, jifunze kusoma sehemu mbili: kona ya juu kulia panapokaa stempu, na mstari wa kwanza wa anwani.

Kwenye kona ya stempu, ukiona PRSRT STD, PRSRT MKTG, ECRWSS au NONPROFIT ORG, ujue barua hiyo imesafiri kwa daraja la matangazo. Posta inaliita USPS Marketing Mail, na hadi 2017 liliitwa Standard Mail. Ni nauli ya bei nafuu kwa anayetuma mzigo wa barua zisizopungua 200, au wenye uzito wa ratili 50, kwa mpigo. Unafuu huo una masharti. Barua ya daraja hili haimfuati mtu aliyehama wala hairudi kwa mtumaji, isipokuwa mtumaji mwenyewe awe amechapa agizo juu ya bahasha, mfano Return Service Requested, na kukubali kulipia safari ya kurudi. Pasipo agizo hilo, ukiandika chochote juu yake mleta barua ataipokea kwa adabu, kisha itatupwa. Wala usidanganywe na stempu ya kubandika. Zipo stempu zilizotengenezwa kwa ajili ya mizigo hii, zina picha ya bendera au ua kama stempu yoyote, lakini ukizisogeza karibu na macho utasoma Presorted Std au Nonprofit Org. Watumaji wanazipenda kwa sababu zinaifanya bahasha ionekane kama imetumwa na binadamu.

Daraja la First-Class, lile la barua za kawaida kama bili na barua za binafsi, ni jambo jingine. Hapo kurudisha kunafanya kazi: bahasha isiwe imefunguliwa, uandike "Refused" upande wa anwani na uirudishe mapema, nayo itarudi kwa mtumaji bila wewe kulipa senti. Ila barua kurudi si sawa na jina kufutwa. Kampuni nyingi hazina mtu wa kukaa na kusoma bahasha zilizorudi.

Sasa mstari wa jina. Ukikuta jina lako tupu, mtu ana orodha na wewe umo. Ukikuta jina la mtu likifuatiwa na "or Current Resident", mtumaji ameamua kwamba yeyote anayekaa hapo anatosha, kwa hiyo barua hiyo ni yako na waweza kuitupa bila kosa lolote. Ukikuta "Postal Customer" au "Resident" peke yake, hakuna orodha ya majina kabisa. Nitalieleza hilo baadaye, maana ndilo linalowachosha watu bure.

Anza na ofa za mikopo

Ndizo ambazo sheria imekupa haki ya wazi ya kuzizima, na ndizo zenye hatari mtu mwingine akizichomoa sandukuni mwako. Zinakuja hivi. Benki au kampuni ya bima inaziendea kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo na kuomba majina ya watu wa eneo fulani wenye alama za mkopo kuanzia hapa hadi pale. Inauziwa orodha, inatuma ofa. Sheria ya Fair Credit Reporting Act inaruhusu biashara hiyo, lakini inakupa haki ya kujitoa, na inamlazimisha mtumaji akuambie hivyo. Kwenye ukurasa wa kwanza wa ofa lazima kuwe na taarifa fupi ya haki ya kujitoa, kwa herufi zisizopungua pointi 12 na kubwa kuliko maandishi ya kawaida ya ukurasa huo. Itafute. Ikiwepo, barua hiyo imetoka kwenye orodha hizo na utaizima kwa hatua inayofuata. Ikikosekana, jina lako limetoka kwingine, na hatua hiyo haitaigusa.

Mlango ni mmoja kwa kampuni zote nne, yaani Equifax, Experian, TransUnion na Innovis: tovuti ya OptOutPrescreen.com, au simu 1-888-567-8688. Andika anwani ya tovuti kwa mkono wako badala ya kubofya kiungo ulichotumiwa, kwa sababu utaombwa tarehe ya kuzaliwa na namba ya Social Security. Watu husita hapo, na wana haki ya kusita. Namba si lazima, ila inasaidia mashine kukutofautisha na mwenye jina kama lako. Kwa mtu ambaye jina lake la ukoo limeandikwa la kwanza kwenye hati moja na la mwisho kwenye nyingine, msaada huo si mdogo.

Utapewa chaguo mbili. Ya kwanza inamalizikia mtandaoni au kwenye simu na inadumu miaka 5. Ya pili ni ya kudumu, na hapa ndipo wengi wanapokwama: baada ya kujaza mtandaoni unapaswa kuchapa fomu, kuisaini na kuituma kwa posta. Usipoituma, huna ombi la kudumu. Ukijua kwamba fomu itakaa juu ya meza miezi mitatu, chukua ile ya miaka 5 leo na uandike kwenye kalenda tarehe ya kuirudia. Ombi hushughulikiwa ndani ya siku 5, lakini barua zilizokwisha kuchapwa zitaendelea kuja kwa wiki kadhaa. Kila mtu mzima anajitoa mwenyewe: wewe, mume wako na mama, mara tatu. Ukijitoa wewe peke yako, bahasha zitaendelea kuja kwa jina la mume na utadhani mfumo haufanyi kazi.

Kujitoa hakugusi alama zako za mkopo, na hakukuzuii kuomba kadi au mkopo mwenyewe siku unayotaka. Unachokosa ni ofa zile za bonasi, na mlango huohuo unaruhusu kurudi.

Hatua hii haiizimi benki yako mwenyewe. Kama benki yako inakutumia hundi tupu zinazotoza kadi ya mkopo, piga namba iliyo nyuma ya kadi na uombe zisitumwe tena. Hizo ni hatari kuliko ofa, kwa kuwa mwizi hahitaji kujaza maombi yoyote, anaandika kiasi tu. Halafu tafuta ile notisi ya faragha ambayo benki hutoa chini ya sheria ya Gramm-Leach-Bliley ya 1999. Wengi huitupa bila kuifungua. Katikati yake kuna jedwali lenye sababu za benki kugawa taarifa zako, na safu ya mwisho kulia inauliza Can you limit this sharing? Kila mstari wenye Yes kwenye safu hiyo unaweza kuuzima kwa simu au kwa kukata kipande cha chini na kukituma. Kwa mteja mpya benki inaweza kuanza kugawa siku 30 baada ya kutuma notisi, kwa hiyo usiiweke kiporo.

Walijuaje kwamba mmehamia hapo?

Kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni hati ya nyumba. Mauzo yanaposajiliwa kaunti, jina la mnunuzi, anwani, na mara nyingi jina la mkopeshaji na kiasi cha mkopo vinakuwa kumbukumbu za umma. Kuna kampuni zinazozikusanya kila wiki na kuziuza. Ndiyo maana unaandikiwa barua zenye jina la benki yako ya mkopo wa nyumba na maneno kama Final Notice, wakati aliyekuandikia anauza bima ya maisha au udhamini wa vyombo vya nyumbani. Kwa kawaida kumbukumbu ya kaunti huwezi kuifuta, na barua hizi hupungua zenyewe jinsi ununuzi unavyozeeka. Kipimo chake ni chepesi: usipige namba iliyo kwenye barua, piga iliyo kwenye taarifa ya mkopo wako. Kuna nyingine inayotaka kukuuzia nakala ya hati yako kwa bei ya juu sana, ikiwa imevaa sura ya serikali. Nakala hiyo unaipata ofisi ya kaunti kwa ada ndogo, na si lazima uwe nayo.

Ya pili ni fomu ya posta ya kuhama. Ukijaza uhamisho wa kudumu, anwani yako mpya inaingia kwenye hifadhi ya NCOALink, ambayo posta inaipa leseni kwa kampuni za orodha. Masharti ni kwamba kampuni iwe tayari na jina lako na anwani ya zamani, ndipo inapewa mpya. Lakini ni nani asiyekuwa na anwani yako ya zamani? Uhamisho wa muda haumo kwenye hifadhi hiyo. Kwa hiyo siku mkihama tena, mnaweza kuchagua wa muda, unaoanzia siku 15 na kurefushwa hadi mwaka, huku mkiwaandikia wenyewe benki, mwajiri, bima na shule. Hasara yake ni kwamba mkisahau mmoja, hakuna atakayemkumbusha. Kwa familia yenye shughuli nyingi za kiserikali, nadhani uhamisho wa kudumu bado ni bora hata kama unaleta takataka.

Katalogi, magazeti na misaada

Hakuna sheria ya nchi nzima inayokupa orodha ya kukataa matangazo ya posta kama ile ya simu. Kilichopo ni huduma ya watumaji wenyewe, DMAchoice, inayoendeshwa na chama chao cha Association of National Advertisers. Unajiandikisha kwenye DMAchoice.org kwa ada ya dola chache, na usajili unadumu miaka 10. Inawazuia wanachama wanaotafuta wateja wapya. Haimzuii aliyekwisha kukuuzia kitu. Ipe huduma hiyo muda wa miezi mitatu kabla ya kuhukumu. Andika kila namna ambayo jina lako limewahi kuandikwa kwenye bahasha, pamoja na makosa yake, kwa sababu mashine inalinganisha herufi. Ukiandika jina sahihi tu, lile lililokosewa litaendelea kupokea katalogi hadi uzeeni. Chama hichohicho kina orodha tofauti ya marehemu, ambayo itakufaa kama mwenye nyumba wa zamani alifariki na bado anaandikiwa.

Kwa katalogi moja moja, huduma ya Catalog Choice haitozi chochote. Ilianza 2007 na iko chini ya shirika lisilo la kibiashara. Unachagua jina la katalogi, unaingiza jina na anwani kama zilivyochapwa, nao wanapeleka ombi. Kabla ya kuanza, geuza katalogi nyuma. Juu au kando ya anwani yako kuna namba, mara nyingi mbili ndani ya visanduku vya rangi. Moja ni namba yako ya mteja, nyingine inaonyesha jina lako lilitoka orodha ipi. Ukiwapa namba hizo, wanakupata kwa sekunde. Ukiwapa jina peke yake, wanaweza kumfuta jirani. Katalogi huandaliwa mapema sana, hivyo tarajia moja au mbili zaidi, na hesabu wiki 8 hadi 12. Hapa pia ndipo pa kumaliza katalogi za waliohama: omba kwa jina lao na anwani yako.

Ukipiga simu au kuandika mwenyewe, omba mambo mawili kwa wakati mmoja: wakufute kwenye orodha yao, na wasikodishe, wasiuze wala wasibadilishane jina lako. Watu husema la kwanza wakasahau la pili, na jina linaendelea kutembea.

Misaada inataka uangalifu zaidi. Shirika ulilolipa mara moja mchango mdogo linaweza kubadilishana jina lako na mengine yenye shabaha kama yake, na mwezi unaofuata unapokea bahasha kumi zenye stika za anwani yako, kalenda, au sarafu iliyobandikwa kwenye dirisha. Kisheria, kitu ulichotumiwa bila kukiagiza ni zawadi. Unaweza kukitumia bila kulipa, bila kurudisha na bila aibu. Ile sarafu iko hapo ili dhamiri ikusute. Ukitaka kutoa, chagua machache, toa kiasi kikubwa mara moja kwa mwaka, na siku ya kutoa waambie kwamba jina lisigawiwe. Kwa wale unaotaka kuwaaga, chukua bahasha yao ya majibu iliyolipiwa, kata kipande chenye anwani yako kilivyo, andika ombi la kufutwa na urudishe humo. Kipande hicho kina namba zao. Ile tabia ya kuifungia tofali bahasha ya majibu ili mtumaji alipie uzito haifanyi kazi: posta inaruhusiwa kuutupa mzigo wa namna hiyo.

Ukitaka kujua nani anauza jina lako, weka herufi ya katikati tofauti kila unapojiandikisha mahali, uandike kwenye daftari. Herufi hiyo ikitokea kwenye bahasha ya kampuni usiyoijua, umempata.

Juu ya hao wote wako madalali wa taarifa kama Acxiom na Epsilon, wanaokusanya kadi za udhamini wa vyombo, michezo ya bahati nasibu, usajili wa magazeti na kumbukumbu za umma. Wana fomu za kujitoa kwenye tovuti zao. Kama mnakaa California mna wepesi zaidi, kwa sababu sheria ya jimbo iitwayo Delete Act ya 2023 iliagiza kuwe na mfumo mmoja wa maombi kwa madalali wote waliosajiliwa jimboni.

Visivyo na jina

Hivi ndivyo vigumu, na bora niseme wazi. Duka au mgombea anayetumia huduma ya posta ya Every Door Direct Mail anachagua mitaa kwenye ramani, anapeleka mafungu ya vipeperushi, na mleta barua analazimika kuingiza kimoja kwenye kila sanduku la njia yake. Hamna jina la kufuta. Stika ya kukataa matangazo, ambayo Uholanzi na Ujerumani inaheshimiwa, huku haimzuii mleta barua, maana kila kilicholipiwa nauli anapaswa kukifikisha. Kumfokea ni kumwonea. Dawa ndogo iliyopo ni kutafuta jina la kampuni iliyokusanya matangazo, kwa herufi ndogo pembeni au chini. Wakusanyaji wakubwa, kwa mfano Valpak wa ile bahasha ya buluu ya kuponi, wana fomu ya kuondoa anwani kwenye tovuti yao. Unaondoa anwani, si jina. Mzigo ulioandikwa ECRWSS hutumwa kwa kufuata mpangilio wa nyumba za njia nzima, lakini mtumaji anaweza kuruka nyumba moja akiombwa. Duka la mtaani lisilo na fomu, pigia simu. Barua za wagombea hazina orodha ya kujitoa. Mjitoe kwa kila kampeni au subiri siku ya kura ipite.

Kuna kimoja ambacho hulazimiki kukivumilia: kipeperushi kisicho na stempu wala chapa ya nauli kilichoingizwa ndani ya sanduku lako. Sheria ya nchi inakataza kuweka humo kitu ambacho hakijalipiwa nauli ya posta. Vikusanye na umpelekee mkuu wa posta yenu, anaweza kumdai mtumaji nauli. Kikiwa kimetundikwa kwenye kitasa cha mlango, sheria hiyo haihusiki.

Barua za waliohama

Za First-Class, usizifungue na usizichane. Kuharibu barua ya mtu mwingine ni kosa la jinai la nchi nzima. Andika "Not at this address", kisha fanya jambo ambalo karibu kila mtu anasahau: futa kwa kalamu nzito ile mistari midogo ya msimbo iliyo chini au juu ya anwani, na ile ya rangi ya machungwa iliyofifia nyuma ya bahasha. Mashine za posta husoma mistari, hazisomi mwandiko wako. Usipoifuta, bahasha inazunguka na kurudi kwako kesho kutwa, na huenda ndicho kilichokukuta. Bandika pia kikaratasi ndani ya mlango wa sanduku chenye majina ya wanaopokea barua hapo, maana waleta barua hubadilishana zamu. Kamwe usijaze fomu ya kuhama kwa niaba yao. Ni kosa la jinai, hata ukijua walikohamia.

Mama na zawadi

Hili ningelishughulikia leo usiku kabla ya mengine yote. Anayejibu barua moja ya ushindi, hata kwa dola kumi, jina lake huuzwa kwa bei nzuri kama mtu anayejibu, na zinafuata nyingi. Mchezo halali hautaki malipo ili upate zawadi, na sheria ya 1999 inayodhibiti barua za udanganyifu inataka waandaaji waseme wazi kwamba kununua si lazima na hakuongezi bahati, na watoe namba au anwani ya kuomba jina lifutwe. Barua isiyo na maneno hayo ni ya wezi.

Kaa naye bila kumgombeza, kwa sababu anayeaibishwa huanza kuficha barua. Pitieni kitabu cha hundi na taarifa ya benki mkitafuta malipo madogo ya dola 10 hadi 40 kwa majina msiyoyajua. Kama ametumiwa hundi ili "alipie kodi ya ushindi", isiingizwe benki. Itaonekana imekubaliwa siku mbili tatu, kisha itakataliwa na fedha zitadaiwa kwake. Hifadhini barua pamoja na bahasha yake na mripoti kwa wapelelezi wa posta, United States Postal Inspection Service, kupitia uspis.gov. Pia jiandikisheni kwenye Informed Delivery ya posta, haina malipo. Kila asubuhi mtapokea picha za upande wa anwani wa barua ndogo zitakazofika siku hiyo, na utajua mapema nini kinamjia. Katalogi na magazeti kwa kawaida hayaonekani humo.

Silaha ya mwisho

Kwa mtumaji mmoja aliyekataa maombi yako yote, kuna PS Form 1500, fomu ya kuiomba posta itoe amri ya kumkataza asikutumie tena. Ilitungwa kwa ajili ya matangazo ya ngono, lakini sheria inamwachia mpokeaji peke yake kuamua kama tangazo linamchochea, na Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha hilo mwaka 1970 kwenye kesi ya Rowan. Posta haina mamlaka ya kubishana na maoni yako, hata kama ni katalogi ya mazulia. Jaza fomu moja kwa kila mtumaji, ambatanisha barua iliyofunguliwa pamoja na bahasha yake, na upeleke posta yoyote. Amri ikimfikia, siku 30 baadaye hapaswi kukutumia tena, na akituma unapeleka bahasha mpya ikiwa na tarehe uliyoipokea. Ni kazi, na haifai kwa bahasha hamsini. Inafaa kwa yule mmoja.

Jambo la mwisho ni la kuzuia mkono usiwe mwepesi. Ofa za mikopo zichaneni kwa mashine, kadi za plastiki zitolewe kwanza. Lakini bahasha nyeupe isiyo na nembo usiitupe bila kuifungua. Mwaka 2020 serikali ilituma kadi za malipo ya corona kwa karibu watu milioni 4 ndani ya bahasha ya kawaida yenye jina la Money Network Cardholder Services, na wengi walizitupa wakidhani ni matangazo. Barua za uhamiaji nazo haziwafuati watu wanaohama hata mkiwa mmejaza fomu ya posta. Kama yeyote nyumbani ana ombi huko na bado hajawajulisha anwani mpya, muda wa kisheria ulikuwa siku 10 tangu kuhama. Fanyeni hivyo leo.